Si Kila Kinanda cha Kanisa ni Gospeli

Aliyekulia kwenye kwaya za huku kwetu hahitaji kufundishwa tofauti ya tenzi na mapambio. Tenzi zina kitabu. Unafungua namba, sauti nne zinajipanga, ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, Amina, mnakaa. Pambio halina kitabu. Mama mmoja nyuma analianzisha, watu wanaitikia, makofi yanaingia, na hakuna ajuaye litaisha lini, hata mchungaji mwenyewe. Vyote ni vya kanisani, lakini hakuna anayevichanganya.

Ajabu ni kwamba wapenzi wa muziki tukianza kuzungumzia roki ya progresivu, tofauti hiyo tunaisahau. Hapa nasema Yes, Genesis, Pink Floyd, Emerson, Lake & Palmer, bendi za Uingereza za miaka ya 1969 hadi 1977 hivi, ambazo wimbo mmoja uliweza kujaza upande mzima wa sahani ya santuri. Mtu anasikia kinanda kikubwa kinaunguruma, anasikia sauti nyingi zimepanda juu, anatoa hukumu: "Hawa jamaa walichota gospeli." Walichota, ndiyo. Ila kwa sehemu kubwa walichokichota ni tenzi. Mapambio yaliingia kwa mlango wa uani. Hapa chini nachukua madai ninayoyasikia, moja baada ya jingine.

"Ukisikia kanisa, umesikia gospeli"

Hili ndilo shina la mkanganyiko, na lugha yetu inachangia. Kwetu "muziki wa injili" ni wimbo wowote unaomtaja Yesu, uwe na rumba, uwe na taarabu ndani yake. Gospeli yenyewe ni kitu mahususi: muziki wa makanisa ya Wamarekani weusi ulioshika sura yake Chicago miaka ya 1930, na jina linalotajwa kwanza ni Thomas A. Dorsey, kiongozi wa kwaya katika kanisa la Pilgrim Baptist. Kabla ya hapo Dorsey alikuwa mpiga piano wa bluzi aliyemsindikiza mwimbaji Ma Rainey. Mwaka 1932 mkewe Nettie alifariki akijifungua, na mtoto naye akafa, na kutoka kwenye msiba ule ukatoka "Take My Hand, Precious Lord". Bluzi na ibada zimekaa kiti kimoja, na wapo waumini wa wakati ule waliochukizwa na jambo hilo.

Vijana wa Genesis walitoka kwingine kabisa. Bendi ilizaliwa mwaka 1967 Charterhouse, shule ya bweni ya watoto wa wenye nazo huko Surrey, ambako kwenda kanisa la shule kulikuwa sehemu ya ratiba kama vile hesabu. Peter Gabriel, mwimbaji wao, amesema mara nyingi kwamba tenzi za pale zilimwingia. Albamu yao ya kwanza ya mwaka 1969 iliitwa From Genesis to Revelation, na wenyewe husimulia kwamba baadhi ya maduka yaliiweka kwenye rafu ya muziki wa dini. Emerson, Lake & Palmer nao walifungua Brain Salad Surgery ya 1973 kwa "Jerusalem", shairi la William Blake lililotiwa muziki na Hubert Parry mwaka 1916, wimbo ambao Mwingereza anaujua tangu shuleni. Huo ni utenzi mtupu, wenye ngoma nyingi zaidi.

Rick Wakeman, mpiga kinanda wa Yes, ndiye aliyefika mbali. Kwenye albamu yake ya mfalme Henry wa Nane wa Uingereza na wake zake sita, mwaka 1973, kipande cha Jane Seymour alikipiga kwenye kinanda cha mabomba cha kanisa la St Giles Cripplegate, London. Mwaka 1977 Yes walikuwa wanarekodi Montreux, Uswisi, na kinanda walichokitaka kilikuwa kwenye kanisa la St Martin, mji jirani wa Vevey. Kanisa halibebeki. Wakakodi laini za simu: Wakeman anapiga Vevey, sauti inasafiri kwa waya hadi studio. Ukisikiliza "Parallels", unasikia kanisa lililopitia kwenye simu. Kwangu hakuna kisa kingine kinachoonyesha vizuri namna watu hawa walivyokuwa tayari kujisumbua.

Namna ya kutofautisha kwa masikio ni rahisi kwa aliyeimba kwaya. Kwenye utenzi, kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) hubadilika karibu kila silabi, sauti zote zinatembea pamoja kama askari, na noti inaimbwa ilivyoandikwa. Kwenye gospeli, kodi inaweza kukaa palepale muda mrefu huku mwimbaji akiivuta silabi moja, akiipinda na kuizungusha, na mapigo yanagawanyika matatu matatu ili mwili uyumbe. Sasa chukua "Supper's Ready" ya Genesis, ya mwaka 1972, dakika ishirini na tatu hivi, inayoishia kwenye Yerusalemu Mpya ya kitabu cha Ufunuo. Kwa maneno ni mahubiri. Lakini jaribu kupiga makofi ya pambio kwenye sehemu iitwayo "Apocalypse in 9/8". Mkono utabaki hewani unajiuliza ushuke wapi.

"Hammond ni kinanda cha roki"

Hapa gospeli inastahili kudai haki yake. Laurens Hammond alianza kuuza kinanda chake cha umeme mwaka 1935, na mteja aliyemlenga ni kanisa lisilo na fedha za kununua kinanda cha mabomba. Ndani yake hakuna bomba hata moja. Kuna magurudumu madogo ya chuma yenye meno, yanazunguka mbele ya sumaku, na kila gurudumu linatoa sauti yake. Matangazo yalijigamba kiasi kwamba tume ya biashara ya serikali ya Marekani iliingilia kati, ikidai kampuni haina haki ya kukilinganisha na kinanda cha mabomba. Ikafika hadi kufanya majaribio ya kusikiliza katika kanisa la Chuo Kikuu cha Chicago.

Baadaye Don Leslie akatengeneza spika yenye pembe inayozunguka, akitaka Hammond isikike zaidi kama kinanda cha mabomba. Ilichotoa ni kitu kipya: sauti inayotetemeka, polepole au kwa kasi, kama mtu anayekaribia kulia. Makanisa ya Kipentekoste ya Wamarekani weusi yalikielewa kifaa hicho kuliko aliyekibuni. Mhubiri anapanda, kinanda kinapanda naye. Anatua, spika inapunguza mwendo. Kutoka huko kikaingia kwenye jazi, na tangu mpiga Hammond Jimmy Smith aanze kurekodi mwaka 1956, kila kijana aliyependa kinanda alitaka kupiga namna ile.

Keith Emerson, yule wa Emerson, Lake na Palmer, alikuwa mmoja wa vijana hao. Alisema kilichomfanya aitamani Hammond ni kumsikia mwanajazi Jack McDuff akipiga "Rock Candy". Kwa hiyo Mwingereza yule aliyekuwa akichomeka visu kati ya vitufe jukwaani ili noti zisikatike, alikuwa anatumia lugha iliyopita kanisani kabla ya kumfikia. Yeye mwenyewe hakuipata kanisani, aliipata kwenye santuri. (Kinanda alichokitesa kilikuwa aina ya L-100, kilichotengenezwa kwa ajili ya sebule. Hammond yake kubwa aliiheshimu.)

Lakini usikimbilie kusema kila Hammond ni gospeli. Matthew Fisher wa bendi ya Procol Harum alitumia Hammond mwaka 1967 kwenye "A Whiter Shade of Pale", na masikio yake yalikuwa kwa Bach. Chombo ni kilekile, ila Fisher alikifikia kwa njia nyingine.

"Yule mama wa Pink Floyd ni mwimbaji wa gospeli kutoka Marekani"

Nimesikia hili kwa watu wenye masikio makali kuliko yangu. "The Great Gig in the Sky", kwenye The Dark Side of the Moon ya 1973: mwanamke analia, anapaa, anashuka hadi kunong'ona, bila neno hata moja. Mtu anaapa kwamba ni mama mnene mweusi wa Alabama mwenye joho la kwaya.

Ni Clare Torry, Mwingereza mweupe aliyekuwa na miaka ishirini na mitano, mwimbaji wa kukodiwa studio, na hakulelewa kwenye gospeli. Aliitwa studio ya Abbey Road Jumapili moja ya Januari 1973 kwa pendekezo la fundi sauti Alan Parsons. Alipoanza akatia vile vineno vya kawaida vya mapenzi, wakamwambia hapana, hawataki maneno. Basi akaamua kujifanya ala ya muziki. Aliimba mara chache tu, akaondoka akiamini kazi yake haitatumika, na mfukoni ana pauni 30. Mwaka 2004 alishtaki akidai haki ya utunzi, mwaka uliofuata wakamalizana nje ya mahakama, na tangu hapo jina lake limeandikwa pembeni mwa la Richard Wright, mpiga kinanda wa bendi.

Hata hivyo, wanaosikia kanisa hapo hawajasikia hewa. Bendi ilipokuwa ikikipiga kipande hiki jukwaani mwaka 1972, kabla Torry hajaja, mahali pake palikuwa na kinanda na kanda za mtu akisoma Biblia. Na gospeli yenyewe imo kwenye albamu ileile, ila umeitafuta pasipo. Miongoni mwa waitikiaji kwenye nyimbo nyingine yumo Doris Troy, mzaliwa wa New York, binti wa mhubiri wa Kipentekoste, ambaye baba yake hakutaka muziki wa dunia nyumbani. Miaka miwili baadaye, kwenye "Shine On You Crazy Diamond", wanaoitikia ni Venetta Fields na Carlena Williams, na Fields alianzia kwenye vikundi vya gospeli vya Buffalo. Huo ndio mlango wa uani nilioutaja: waitikiaji. Bendi ilikaa mbele na gitaa zake, na walioyajua mapambio walisimama nyuma, majina yao kwa maandishi madogo.

"Kwaya zile kubwa zilikuwa za kweli"

Mara nyingi hapana. Ni Mellotron, kinanda cha kanda kilichotengenezwa Birmingham. Kila kitufe kina utepe wake wenye sauti iliyorekodiwa, utepe unadumu sekunde nane hivi, ukizidisha sauti inakatika. Kwaya ya Genesis kwenye Selling England by the Pound ni hiyo. Pink Floyd walileta kwaya ya kweli kwenye Atom Heart Mother mwaka 1970, ya John Alldis, na hiyo nayo ilikuwa ya muziki wa klasiki.

"Sauti ya kanisa, basi na imani ya kanisa"

Wapo wanaoona kinanda na kuhitimisha wokovu, na wapo wanaoona nywele ndefu na kuhitimisha shetani. Wote wanakosea kwa njia ileile, hawasomi maneno. "Close to the Edge" ya Yes, 1972, ina kinanda cha kutikisa madirisha, na fikra zake mwimbaji Jon Anderson alizitoa kwenye Siddhartha, riwaya ya Hermann Hesse inayohusu India ya enzi za Buddha. Emerson, Lake & Palmer walikwenda kanisa la St Mark's, London, wakapiga Bach kwenye "The Only Way", kisha Greg Lake akaimba maneno ya kumtilia shaka Mungu katika wimbo huohuo. Kwa upande wa pili, Kerry Livgren wa Kansas, bendi ya Marekani, aliokoka mwaka 1979, na watu hupenda kuusoma wokovu huo kwenye "Carry On Wayward Son", wimbo ulioutangulia kwa miaka mitatu. Neal Morse aliacha bendi yake ya Spock's Beard mwaka 2002 kwa sababu ya imani, na mwaka 2007 akatoa albamu nzima kuhusu Martin Luther. Huyo ni Mkristo wa wazi kabisa, na muziki wake bado uko karibu na Genesis kuliko gospeli ya Chicago.

"Gospeli haikuwahi kufika kwa Gabriel"

Hili husemwa na wale waliokwisha kuelewa yote hapo juu na kupitiliza. Mwaka 1966, kabla ya Genesis, kijana Gabriel alikwenda klabu ya Ram Jam, Brixton, kumwona Otis Redding, mwimbaji wa soul kutoka Marekani, na hajaacha kuuzungumzia usiku ule. Ndani ya Genesis sauti yake ilikuwa na mikwaruzo ya soul, lakini muziki uliomzunguka haukuipa nafasi ya kukaa. Aliondoka mwaka 1975. Mwaka 1986, kwenye "Sledgehammer", alimleta mpiga tarumbeta Wayne Jackson, aliyekuwa akimsindikiza Redding mwenyewe.

Kisha mwaka 2001 lebo yake ya Real World ikatoa albamu ya Blind Boys of Alabama, kundi lililoanza mwaka 1939 kwenye shule ya wasioona huko Talladega, na mwaka uliofuata akawaweka kwenye "Sky Blue". Wimbo unatembea taratibu, Gabriel anaimba peke yake, na kuelekea mwisho wazee wale wanaingia, wanaguna na kuvuta sauti pamoja bila haraka. Safari hii yeye ndiye anayewapisha.