Mama McCosh na wenzake: yanayosemwa na yaliyokuwa

Kwa miaka mingi, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Princeton, kule New Jersey nchini Marekani, akikuambia "naenda McCosh", ilibidi umuulize kwanza kama ana kipindi au anaumwa. Ipo McCosh Hall, jengo la madarasa la mwaka 1907, na ilikuwepo McCosh nyingine, jengo la wagonjwa lililohudumia chuo hicho kwa takriban karne nzima. Hapo ndipo inapozaliwa dhana ya kwanza, kwamba yote mawili yalipewa jina la James McCosh, Mskoti aliyekuwa rais wa chuo (Wamarekani ndivyo wanavyomwita mkuu wa chuo) kuanzia 1868 hadi 1888.

Sivyo. Madarasa ni ya bwana, wagonjwa ni wa bibi. Jina kamili la jengo hilo lilikuwa Isabella McCosh Infirmary, na huyo Isabella hakuwekwa ukutani kwa sababu tu aliolewa na mkubwa.

Alizaliwa Uskoti mwaka 1817, binti wa daktari. Alipofika Princeton akitokea Belfast, ambako mumewe alikuwa akifundisha, alikuwa na miaka hamsini na ushei. Alikuta chuo cha vijana wa kiume waliotoka kwao mbali, wanalala mabwenini, na akiugua mmoja hana wa kumwangalia isipokuwa mwenzake wa chumba, ambaye naye ana mitihani. Basi akaanza kuwafuata vyumbani. Wala hakuwa na cheo cha kazi hiyo, ofisi, au mshahara.

"Alikuwa daktari wa chuo." Wengine husema muuguzi. Hakuwa hivyo wala hivyo. Marekani ilikuwa na daktari mwanamke mwenye shahada tangu 1849, Elizabeth Blackwell, kwa hiyo jambo hilo liliwezekana, ila si Isabella. Yeye alikuwa na ujuzi wa nyumbani: baba daktari, na baadaye mtoto wake Andrew akawa daktari wa upasuaji New York.

Lakini hapa watu hukosea upande wa pili pia. Wakishasikia hakuwa daktari, hukimbilia kusema, "Kumbe alikuwa anapeleka pole tu." Hili nataka tukae nalo kidogo.

Mwaka 1880 homa ya matumbo, yaani taifodi, iliingia chuoni hapo na wanafunzi wakafa. Mwaka huohuo Mjerumani Karl Eberth ndiyo kwanza alikuwa akieleza vimelea vya homa ya matumbo alivyoviona kwa hadubini. Dawa ya kwanza iliyoweza kuviua kweli, kloramfenikoli, ilianza kutumika kwa ugonjwa huo mwaka 1948. Piga hesabu: kwa karibu miaka sabini, ugonjwa unajulikana na chanzo kinajulikana, ila hakuna kidonge. Daktari bingwa wa wakati ule aliposimama kando ya kitanda cha kijana mwenye taifodi, mikono yake haikuwa na mengi kuliko mikono ya Mama McCosh.

Kilichobaki kilikuwa uuguzi. Homa ya matumbo isiyotibiwa huchukua wiki tatu hadi nne. Mgonjwa anaweweseka, midomo inapasuka, hataki kula. Ikifika wiki ya tatu utumbo unaweza kuvuja damu au kutoboka, na mara nyingi hilo hutokea wakati ndugu wameanza kufurahi kwamba nafuu imekuja. Kazi yenyewe, basi, ni maji kijiko kwa kijiko, maziwa, supu nyepesi, kitambaa cha maji baridi kifuani na kwapani. Ni kumgeuza asipate vidonda vya mgongoni, kubadilisha mashuka, kumwaga choo chake mahali pasipogusa maji ya kunywa, kunawa mikono, na kurudi tena kesho. Kuna waliopona kwa sababu hiyo na si nyingine.

Mimi mwenyewe niliwahi kulala na homa hiyohiyo hosteli, mwaka wa pili. Dawa ninazo, zimepangwa dirishani. Nilichokosa ni mtu wa kunishikia kikombe, maana mkono ulikuwa unatetemeka nikijimwagia. Aliyeninusuru ni mama aliyekuwa akiuza chapati getini. Aliona siku ya tatu sijapita, akamuuliza mlinzi, halafu akatuma uji wa mchele kwenye chupa ya chai. Chuo kilikuwa na zahanati, na zahanati ilikuwa imefungwa, ni wikiendi. Simlaumu mtu, naeleza tu kwa nini neno "pole tu" hunikera.

"Yeye ndiye aliyejenga hospitali na kuanzisha kikundi cha akina mama." Simulizi hupenda mtu mmoja afanye yote, lakini mambo yalikuja kwa hatua. Mumewe alistaafu 1888. Jengo la kwanza la wagonjwa lilikamilika 1892, wakati yeye si mke wa rais tena, na chuo bado kinaitwa College of New Jersey. Jina la Princeton University lilikuja 1896. Kikundi cha wanawake wa kujitolea, Ladies' Auxiliary, kilijiunga nyuma ya jengo hilo mwanzoni mwa karne ya 20. Yeye alifariki 1909. Walichokifanya wale akina mama ni kuchukua kazi iliyokuwa ya mguu wa mtu mmoja na kuifanya ya wengi, ili akichoka mmoja isife.

"Walikuwa mabibi wakubwa waliopeleka maua na kunywa chai." Chai walikunywa, sina shaka. Ila kila aliyewahi kukaa kwenye kamati ya ujenzi anajua siri hii: wafadhili hupenda kuta. Ukuta una bango, bango lina jina. Nani anataka jina lake liandikwe kwenye foronya? Jengo likishafunguliwa na hotuba kwisha, zinahitajika samani, mablanketi, mashuka ya kubadilisha, vifaa vya wauguzi, na vyote huchakaa. Hapo ndipo vikundi kama hiki vilipopatia riziki ya kazi yao. Na jengo la zamani lilipozidiwa, likajengwa jipya lililokamilika 1925. Ukiita hiyo kazi ya maua, basi na mama anayekusanya michango ya msiba mtaani kwenu, akahakikisha maturubai, viti na sufuria vimefika kabla ya maiti, muite mpenda sherehe.

"Kwa kuwa walihudumia chuo, chuo kilikuwa chao." Hili ndilo linaloniuma zaidi katika historia hii yote, na sijui kwa nini hutajwa kwa kupita. Jengo la chuo cha wanaume lina jina la mwanamke, linahudumiwa na wanawake, na binti zao hawaruhusiwi kusoma hapo. Kulikuwa na Evelyn College, chuo cha wasichana mjini humo, kilianza 1887 na kufa 1897. Princeton ilimpokea mwanamke wa kwanza wa shahada ya uzamivu, Sabra Meservey, mwaka 1961. Wasichana wa shahada ya kwanza waliingia 1969. Tangu jengo la 1892 hadi hapo ni miaka 77. Kwa muda huo wote mwanamke aliweza kumtandikia kitanda mwanafunzi wa Princeton, asiweze kuwa mwanafunzi wa Princeton.

Wapo wanaotetea kwamba ndio ulikuwa wakati wenyewe. Sawa, lakini chuo cha Vassar kilifungua milango kwa wasichana 1865, tena kikiwa na daktari mkazi mwanamke, Alida Avery. Wakati ulikuwa uleule.

"Hospitali ikishajengwa, wanafunzi wako salama." Waulize Chuo Kikuu cha Cornell, mjini Ithaca katika jimbo la New York. Wao walikuwa na nyumba ya wagonjwa tangu 1898, jumba la kifahari la familia ya Sage. Mwaka 1903 homa ya matumbo ikaingia mji wa Ithaca. Waliougua walizidi 1,300, waliokufa ni 82, na kati yao 29 walikuwa wanafunzi. Vitanda vilikuwepo. Shida ilikuwa bomba: maji ya mji yalitoka kijitoni bila kuchujwa, na juu ya kijito hicho kulikuwa na kambi ya vibarua waliokuwa wakijenga bwawa. Andrew Carnegie, tajiri wa chuma, alilipia gharama za matibabu za wanafunzi na mtambo wa kuchuja maji wa chuo. Mtambo huo uliokoa wengi kuliko vitanda, na hili halipunguzi kazi ya aliyekaa kando ya kitanda. Ni kwamba wakati mwingine muuguzi bora ni fundi bomba.

"Hayo ni ya zamani, vijana wa sasa wana bima na antibayotiki." Mwaka 2013 Princeton hiyohiyo ilipatwa na mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, aina B. Visa vilifika vinane mwaka huo. Chanjo zilizokuwa zikitumika Marekani zilikinga aina nyingine, si hiyo. Chanjo ya aina B ilikuwa imeidhinishwa Ulaya lakini kwao bado. Serikali ikatoa kibali maalumu, chuo kikabeba gharama, na mwezi Desemba wanafunzi zaidi ya 5,000 wakapanga foleni kuchomwa dozi ya kwanza. Hata hivyo, Machi 2014 mwanafunzi wa chuo kingine, aliyekuwa amekutana na wenzake wa Princeton, alifariki kwa vimelea vilevile.

Ugonjwa huo huambukizwa kwa mate: kubusu, kukoholeana, kunywea chombo kimoja. Bwenini hilo ndilo jambo gumu kuliko yote, kwa sababu kupokezana chombo ndio urafiki wenyewe. Kwa hiyo kabla chanjo haijafika, chuo kiligawa vikombe vyekundu vya plastiki, kila mtu na chake, vimeandikwa maneno machache ambayo kwetu yangesomeka hivi: "Changu. Si chako."