Chupa ya tano ya dawa ya damu: maswali na majibu kuhusu seli shina na lukemia (saratani ya damu)

Wiki haipiti bila mgonjwa kuingia chumba cha daktari na mfuko wa plastiki uliojaa chupa za dawa ya kuongeza damu. Ya kwanza ilileta nafuu kidogo, ya pili haikuleta kitu, na sasa yuko kwenye ya tano. Ukimuuliza kama amewahi kupimwa ijulikane kwa nini damu inapungua, anamgeukia aliyemsindikiza. Haya ndiyo maswali yanayofuata.

Damu hutengenezwa wapi?

Kwenye uloto, ule ute laini ulio ndani ya mifupa. Wengine huuita uboho. Kwa mtu mzima, kazi kubwa hufanyika kwenye mifupa ya nyonga, uti wa mgongo, kidari na mbavu.

Seli shina za damu ni kitu gani?

Ni mama wa chembe zote za damu. Ni chache mno, na kila moja inaweza kuzaa seli shina nyingine kama yenyewe, au kuzaa seli zitakazokomaa kuwa chembe nyekundu za kubeba oksijeni, chembe nyeupe za kupigana na maradhi, na chembe sahani za kuzuia damu isivuje. Mwaka 1961 James Till na Ernest McCulloch, watafiti wa Toronto, Kanada, waliwapandikizia uloto panya ambao uloto wao ulikuwa umeuawa kwa mionzi. Vinundu vikaota kwenye wengu za panya hao, na baadaye ikathibitika kuwa kila kinundu ni uzao wa seli moja.

Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, chembe sahani siku 7 hadi 10 tu. Kiwanda hiki hakina sikukuu.

Lukemia inaanzaje?

Kila seli inapogawanyika hunakili vinasaba vyake vyote, na mnakili hukosea. Makosa mengi hayadhuru. Lakini kosa likitokea mahali pabaya, ndani ya seli shina au mtoto wake wa karibu, na mara nyingi makosa zaidi yakiongezeka juu yake, seli hiyo huacha kukomaa au hukataa kufa. Inabaki kuzaana tu, na uzao wake wote unarithi kosa. Katika lukemia sugu ya mieloidi, aina mojawapo inayokua polepole, kosa lenyewe linaonekana kwa hadubini: kipande cha kromosomu (uzi unaobeba vinasaba) ya 9 na kipande cha ile ya 22 vimebadilishana nafasi. Janet Rowley wa Marekani ndiye aliyelionyesha hilo mwaka 1973.

Mionzi mikali, kemikali ya benzini, sigara na baadhi ya dawa za saratani huongeza hatari. Wagonjwa wengi, hata hivyo, hatuoni chanzo. Haiambukizi.

Naambiwa chembe nyeupe zimejaa. Mbona basi naugua kila mara?

Kwa sababu hazijakomaa. Ni jeshi la watoto waliovishwa sare. Tena zimejazana kwenye uloto hadi chembe nyekundu na chembe sahani hazina pa kutengenezewa. Hapo ndipo uchovu, homa zinazorudi na kuvuja damu vinapokuja pamoja, na watu wakadhani ni magonjwa matatu tofauti.

Dawa ya kuongeza damu itanisaidia?

Kama ni lukemia, hapana. Madini ya chuma yaliyomo ni malighafi ya kutengenezea damu. Kiwanda kikishavamiwa, kuleta malighafi zaidi mlangoni hakumwondoi mvamizi. Wengi wenye upungufu wa damu hawana lukemia, na wapo wanaohitaji madini hayo kweli. Lakini damu kupungua ni dalili. Si jina la ugonjwa. Chupa moja imeisha na hujapata nafuu? Usinunue ya pili. Pima.

Nikiongezewa damu napata nguvu. Si inatosha?

Haitoshi. Damu hiyo inakuvusha tu upate muda wa kutibiwa. Aliyeongezewa mara mbili bila mtu kuuliza damu ya kwanza ilikwenda wapi, ana haki ya kuuliza kwa sauti.

Kwa nini msitoe damu mbaya yote mkaweka mpya?

Swali zuri, na jibu liko kwenye seli shina. Ugonjwa hauko kwenye mishipa pekee, uko kiwandani. Ukibadilisha damu yote leo, kesho uloto uleule utamwaga chembe zilezile.

Nilichomwa sindano dukani, homa ikashuka na tezi zikanywea. Si nimepona?

Hapa huwa napata taabu kuficha hasira. Sindano nyingi za namna hiyo huwa na dawa za steroidi, kama deksamethasoni. Kundi hili la dawa huua baadhi ya seli za lukemia kwa muda, hasa lukemia kali ya limfu, inayowapata zaidi watoto. Tezi zinanywea, kipimo kinachanganya wataalamu, ugonjwa unarudi ukiwa umeota mizizi. Usikubali sindano ya homa isiyo na jina kabla ya kupimwa damu.

Niangalie nini mwilini?

Vua soksi, utazame miguu mwangani. Vidoa vyekundu vidogo kama ncha ya pini, ambavyo ukivibonyeza kwa kidole havififii, ni damu iliyovuja chini ya ngozi. Kuna pia michubuko usiyokumbuka ulijigonga wapi, fizi zinazotoa damu, homa isiyoisha, na mtoto anayelia mifupa inauma na kukataa kutembea. Ukiwa na vidoa hivyo, nenda hospitali siku hiyohiyo, na usimeze aspirini.

Kipimo cha uloto kinapoozesha?

Hapana. Sindano huingia kwenye mfupa wa nyonga, kwa nyuma, baada ya ganzi. Uti wa mgongo hauguswi. Kinachovutwa ni mililita chache, na uloto huzirudisha. Kinauma kwa muda mfupi, sitakudanganya.

Inatibika?

Inategemea aina. Watoto wenye lukemia kali ya limfu, pale tiba kamili inapopatikana, takriban 9 kati ya 10 huishi, baada ya miaka miwili au mitatu ya dawa. Lukemia sugu ya mieloidi ina vidonge tangu 2001. Wengine huhitaji kupandikizwa seli shina za mtu mwingine, yaani kiwanda kipya.

Nikifika hospitali niseme nini?

Sema hivi: "Naomba picha kamili ya damu, na tone la damu liangaliwe kwa hadubini." Hicho ni kipimo cha kuhesabu chembe za damu. Ni damu kidogo tu ya mkononi, na mara nyingi majibu ya hesabu hutoka siku hiyohiyo. Zile chupa njoo nazo zote, tusome majina yake. Ile ambayo hujaifungua, iache hivyohivyo.