Kimeta kwa viboko wa Virunga: mzoga, nyama, maji na maswali mengine

Hivi nini kilitokea kule Kongo?

Aprili 2025 watu waliona mizoga ya viboko inaelea mto Ishasha, kusini mwa ziwa Edward, kwenye hifadhi ya Virunga mashariki mwa Kongo (DRC), wakafika kama 50 hivi na nyati kadhaa juu yake, vipimo vikasema ni kimeta (anthrax), ugonjwa wa bakteria unaopata wanyama na watu. Na inauma maana viboko wa pale walishawahi kuzidi 20,000, ujangili ukawamaliza wakabaki mia kadhaa mwaka 2006, ndo kwanza walikuwa wamerudi kama 1,200.

Si wangeizika tu?

Walizika, wakaweka na kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni. Lakini kiboko mmoja ni zaidi ya tani, vifaa havitoshi, njia ya kufika mtoni ni ngumu na eneo lenyewe lina watu wenye bunduki, kwa hiyo mingine ilichelewa. Halafu mzoga wa kimeta haupasuliwi, hata kwa kutaka kujua kilichomuua, kwa sababu vile vijidudu vikipata hewa vinageuka mbegu ngumu zinazokaa udongoni miaka na miaka.

Sasa bila mashine unafanyaje?

Unatumia watu. ICCN, wale wanaosimamia hifadhi za Kongo, waliwaambia wananchi wakae mbali na wanyamapori na wachemshe maji ya kunywa. Sawa, lakini mimi naona "msiguse" peke yake haitoshi, mvuvi ndo anauona mzoga kabla ya askari wa hifadhi, sasa aambiwe pia akauripoti wapi, kwa nani, na asiogope kushikwa kama jangili. Tangazo la redio na mkuu wa kijiji havina gharama kubwa, katapila ndo ina gharama.

Nyama nikiichemsha sana je?

Hapana jamani. Hatari inaanza kwenye kisu, unachuna, damu inagusa kamchubuko kadogo mkononi, umeshaambukizwa kabla hata sufuria haijawekwa motoni, na pande kubwa la nyama ndani halipati moto vizuri. Najua nyama ya bure ukiwa na njaa ni mtihani. Ukikuta mnyama kafa ghafla, kavimba, damu inatoka puani au nyuma na haigandi, ondoka, toa taarifa.

Dalili kwa mtu?

Mara nyingi ni kipele kinachowasha, kinakuwa kidonda chenye gamba jeusi katikati, na hakiumi, ndo maana watu wanapuuza. Aliyekula anaweza kupata homa, kutapika, tumbo kuuma, kuhara damu. Wahi hospitali useme wazi uligusa au ulikula nini, antibaiotiki zinatibu vizuri ukiwahi, ila kidonda kisipotibiwa kinaweza kuua hadi watu 20 kwa 100.

Mgonjwa tumtenge?

Hamna haja, kimeta hakiambukizi kirahisi mtu kwa mtu, ila msiguse kidonda chake mikono mitupu.

Na ng'ombe wetu?

Chanjo ipo, ni ya kila mwaka, muone afisa mifugo. Na msiwapeleke kulisha wala kunywa pale mizoga ilipokuwa.