Una Tatuu ya Kumbukumbu? Yajue Haya Kabla Hujaja Kuchangia Damu

Kila Juni 14 inapokaribia, Siku ya Wachangia Damu Duniani, foleni ya kituo chetu cha kuchangia damu hurefuka na malalamiko nayo huongezeka. Safari hii lalamiko moja limeyafunika mengine yote: "Mmenikataa kwa sababu nina tatuu." Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kudai tunawahesabu kuwa wahuni. Mimi ndiye ninayekaa kwenye chumba cha unasihi na kuyapokea maneno hayo uso kwa uso, kwa hiyo acha niyajibu kwa maandishi.

Juzi aliingia binti mmoja aliyevaa shati la mikono mirefu. Nilipofika kwenye swali la tatuu katika dodoso, akakunja mkono wa shati bila kusita. Juu kidogo ya kifundo cha mkono palikuwa na jina la mama yake na mwaka aliofariki. Wino ulikuwa bado unang'aa, na pembeni ya herufi ngozi ilikuwa inabanduka vipande vyembamba kama maganda ya kitunguu. Mama alifariki kwa kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, na damu ya kumwongezea haikupatikana kwa wakati. Binti amekuja kutoa yake ili asikose mama mwingine. Alikuwa na wiki tano tangu achorwe. Nikamwambia hatuwezi kumtoa damu mpaka miezi 12 itimie, akalia. Nakiri sikuwa na la kumwambia zaidi ya kumpa kiti na maji.

Kwa hiyo wasomaji wasidhani hatujui tatuu inabeba nini. Wanaokuja wameandika majina ya watoto waliozikwa, tarehe ya ajali waliyonusurika, ua juu ya kovu la moto. Huko nje wapo wanawake waliokatwa titi kwa saratani ambao huchorwa chuchu mpya na wataalamu, na wapo walionusurika na mawazo ya kujitoa uhai ambao huchora nuktamkato, alama ya sentensi iliyoendelea pale ambapo ingeweza kukatika. Wala jambo lenyewe si geni. Maiti ya mtu aliyeishi zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, iliyokutwa kwenye barafu ya milima ya Alps mwaka 1991, ina michoro 61, mingi ikiwa karibu na viungo vilivyokuwa vimechakaa, na wataalamu wengi wanaamini ilikuwa namna ya tiba. Hapa kwetu wazee wa Kimakonde walichanjwa usoni na kupakwa masizi kabla ya duka lolote la tatuu kufunguliwa. Mtu akisema mchoro umempunguzia uchungu, simbishii. Ninachomwomba tu ni asiufanye badala ya kumwona mnasihi au daktari pale usingizi unapokataa kuja miezi mitatu mfululizo.

Shida yetu ni sindano, na zaidi ya sindano, ni siku yenyewe ya kuchorwa. Nilipomuuliza binti yule alichorwa wapi na nani, alisema ilikuwa jioni ya arobaini, nyumbani. Ndugu wanne wa tumbo moja walimwita kijana wa mtaani mwenye mashine, wakachorwa jina lilelile mmoja baada ya mwingine. Sindano ilibadilishwa? "Aliifuta kwa spiriti." Na wino? "Kifuniko kimoja, tulichovya wote."

Hapo ndipo tatuu ya kumbukumbu inapotofautiana na tatuu ya urembo. Ya urembo mtu huenda peke yake, akapanga, akalinganisha bei. Ya msiba huchorwa kwa pamoja, na ule upamoja ndio unaofariji. Ila kwa virusi vya homa ya ini B hakuna nafasi nzuri kuliko hiyo. Virusi hivyo huweza kukaa hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata kwenye tone la damu lililokauka lisiloonekana kwa macho. Kufuta kwa spiriti hakutoshi. Kuichoma sindano kwa kiberiti hakutoshi. Hata ukibadilisha sindano, kama wino umechovywa na aliyetangulia, hujabadilisha kitu. Sindano iwe mpya, ifunguliwe mbele yako. Wino umiminwe kwenye kikombe kipya cha kila mtu na unaobaki umwagwe. Sehemu za mashine zinazorudiwa zichemshwe kwa mvuke wa shinikizo, nyuzi 121 kwa dakika zisizopungua 15. Sufuria ya jikoni haifiki huko.

Sasa kuhusu wale wanaosema "si mnapima damu, kwa nini mnanizuia?" Swali hili nalijibu mara nyingi kwa siku na bado linarudi. Ndiyo, kila chupa hupimwa UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende. Lakini maambukizi mapya yana kipindi cha dirisha: virusi vimo, kipimo bado hakivioni. Homa ya ini B huweza kuchukua hadi siku 180 kabla ya dalili kujitokeza. Chupa moja tunaweza kuitenganisha kuwa chembe nyekundu, chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda) na utegili (majimaji ya damu), ikaenda kwa wagonjwa watatu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2012 unataka aliyechorwa tatuu, kutogwa au kuchanjwa chale asubiri miezi 12, na ndio tunaoufuata kituoni kwetu. Naam, chale za mganga zimo. Msituambie "hiyo ni mila" kana kwamba wembe unajua mila.

Utaratibu ni huu. Utajaza dodoso na kuweka sahihi. Utapimwa uzito, ambao usipungue kilo 50, kisha wingi wa damu na shinikizo. Utaingia kwa mnasihi peke yako, hata kama umekuja na mwenza. Ukikutwa na tatuu changa, jina lako litaandikwa kwenye rejista ya walioahirishwa na utapewa kadi yenye tarehe ya kurudi. Kuahirishwa si kufutwa. Ukirudi tarehe hiyo, mwanamume atachangia kila baada ya miezi 3 na mwanamke kila baada ya miezi 4 kama watu wengine.

Anayeficha tatuu chini ya soksi aelewe kwamba ameweka sahihi. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, inamhesabu kuwa mkosaji mtu anayefanya, kinyume cha sheria au kwa uzembe, tendo analojua au ana sababu ya kuamini kwamba linaweza kueneza ugonjwa wa hatari kwa maisha. Wachoraji nao kifungu hicho hakiwaruki. Sisemi haya kumtisha mtu, ila yapo kwenye sheria na nisipoyasema nitaulizwa.

Hina ya kawaida haina tatizo. Piko lenye dawa ya kupaka nywele rangi ni habari nyingine, maana huunguza. Ukiwa na malengelenge subiri ngozi ipone. Na kama kwenu mna asili ya makovu yanayofura, fikirieni mara mbili kabla ya kuchora kifuani au begani, kwa kuwa jina la marehemu litafura nalo.

Uliyechorwa kwa sindano ya pamoja ndani ya saa 72 zilizopita, usisubiri kampeni yetu. Nenda kituo cha afya leo ukatathminiwe kwa ajili ya dawa za kinga ya UKIMWI, ambazo humezwa kwa siku 28. Muda ukiwa umepita, pima homa ya ini. Ukiwa salama na hukuwahi kuchanjwa, anza chanjo: ya kwanza leo, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu mwezi wa 6. Waliozaliwa kabla ya miaka ya 2000 wengi hawakuipata utotoni.

Binti yule alipima siku ileile na kuanza chanjo. Ndugu zake watatu tumewatumia ujumbe kupitia kwake na bado hatujawaona. Tunafungua saa 2:00 asubuhi.