Mizuka, Mahaba na Krismasi ya Zamani: Tunayoyadhani na Yaliyokuwapo

Ukifungua riwaya ya Krismasi ya zamani inayochanganya mahaba, mizuka na upelelezi, kurasa kumi hazipiti kabla hujajua umefika wapi. Ni jumba kubwa la shamba huko Uingereza, theluji imefunga barabara, na wageni waliokuja kwa Krismasi hawana pa kwenda. Yumo binti asiye na mali aliyeapa kumchukia kijana mwenye cheo, kiapo kitakachovunjika karibu na ukurasa wa mia mbili. Mkufu wa bibi mwenye nyumba umepotea. Na ghorofani hupita mwanamke wa gauni jeupe aliyezikwa miaka arobaini iliyopita.

Nyingi zimewekwa katika enzi ya Regency, yaani 1811 hadi 1820, Mfalme George wa Tatu alipokuwa mgonjwa wa akili na mwanawe akashika madaraka kwa niaba yake. Huku kwetu zina wasomaji wake, wa nakala za Kiingereza za mtumba zinazotandazwa kando ya barabara za Nairobi. Wako wanaoamini kila walichosoma humo, na wako wanaodhani kila kinachowashangaza ni uzushi wa mwandishi. Mimi nashikilia kwamba mambo ya kweli ya enzi ile huikaza hadithi kuliko mapambo ya kubuni.

Dhana: Dickens ndiye aliyeleta mizuka kwenye Krismasi

Hadithi ya Krismasi yenye mizuka ya Charles Dickens, mwandishi wa Uingereza, ilitoka tarehe 19 Desemba 1843, na nakala 6,000 zikaisha kabla ya sikukuu, kwa hiyo si ajabu sifa zote zikamwendea. Lakini alikuta watu wameshaketi kusimuliana mizuka. Katika tamthilia moja ya Shakespeare ya mnamo 1611, mtoto wa mfalme anasema hadithi ya huzuni ndiyo inayofaa majira ya baridi, kisha anaanza kumsimulia mama yake habari za mizuka. Horace Walpole naye, alipotoa riwaya yake ya kasri lenye mizuka, inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya mkondo huo kwa Kiingereza, aliitoa tarehe 24 Desemba 1764. Desemba kule jua huzama kabla ya saa kumi jioni, mishumaa ilikuwa ghali, kazi za shamba zimepungua, na ukoo mzima umekusanyika mbele ya moto mmoja. Aliyekulia kwenye ngano za bibi hahitaji kuelezwa zaidi.

Dhana: Mwaka 1815 kulikuwa na mti, kadi na "Jingle Bells"

Malkia Charlotte, mke wa George wa Tatu na mzaliwa wa Ujerumani, aliweka mti wa Krismasi katika makao ya kifalme ya Windsor mwaka 1800, lakini ulibaki jambo la jamaa wa kifalme na watu wao hadi gazeti la picha la London lilipochapisha, mwaka 1848, mchoro wa Malkia Victoria na mumewe Albert wakiwa na watoto wao kando ya mti. Kadi ya kwanza ya kuuzwa ni ya 1843. "Silent Night" iliimbwa mara ya kwanza karibu na Salzburg, Austria, mwaka 1818, na "Jingle Bells" ni ya Marekani, 1857. Mwandishi akiwaimbisha wageni wake wimbo huo mbele ya mti mwaka 1815, hata mzuka wa ghorofani ana haki ya kucheka.

Yaliyokuwapo yananoga zaidi. Nyumba ilipambwa kwa matawi mabichi mkesha wa Krismasi. Lilitundikwa shada la mmea fulani unaoota juu ya miti mingine, wenye vitunda vyeupe; kijana akimbusu msichana chini yake alichuma kitunda kimoja, na vitunda vikiisha, mabusu yameisha. Aghalabu shada hilo lilikuwa jikoni, kwa watumishi. Mwandishi mwenye jicho atajua la kufanya na binti wa ukoo mkubwa anayekutwa jikoni usiku.

Na sikukuu haikuisha tarehe 25. Iliendelea hadi mapema Januari, usiku wa kumi na mbili, watu walipokata keki kubwa. Zamani harage lililofichwa ndani yake lilimpa mwanamume aliyelipata ufalme wa usiku ule, na punje ya njegere ikampa mwanamke umalkia. Baadaye ikawa ni kuchota karatasi zenye majina ya wahusika, na kila mtu akaigiza aliyemwangukia hadi usiku wa manane. Nyumba nzima inajifanya siyo, na kati yao yumo mwizi! Nashangaa waandishi wanavyoupita usiku huu wakikimbilia mti.

Theluji waachieni. Muongo ule ulikuwa wa baridi kali, na Februari 1814 mto Thames uliganda London hadi watu wakafanya soko juu ya barafu.

Dhana: Wapenzi wangeoana usiku uleule wa mkesha

Hapa ndipo sheria inapokuwa tamu kuliko mahaba yenyewe. Tangu sheria ya 1753, ndoa ya Uingereza ilitakiwa kutangazwa kanisani Jumapili tatu, au kupata kibali cha askofu. Ilifungwa kanisani, kati ya saa mbili asubuhi na saa sita mchana. Aliye chini ya miaka 21 akitumia kibali, mzazi lazima aridhie. Mlango wa pembeni ulikuwa kibali maalumu cha Askofu Mkuu wa Canterbury, kilichoruhusu saa yoyote na mahali popote. Kilikuwa ghali, na kilitafutwa London. Basi kijana anayekitoa mfukoni usiku wa mkesha, barabara zikiwa zimefungwa, amejianika: alikifuata kabla ya kuja, kabla hata ya ule ugomvi wa siku ya kwanza. Msomaji makini ataudaka ushahidi huo mapema kuliko binti mwenyewe.

Waliokosa kibali walikimbilia Scotland, ambako ridhaa ya mzazi haikuhitajika na mashahidi wawili walitosha. Kutoka London hadi kijiji cha Gretna Green ni kama kilomita 500 za gari la farasi. Ifanye safari hiyo Desemba uone kama mahaba yatabaki.

Kisha kuna barua. Kabla ya mageuzi ya posta ya 1840, kwa kawaida mpokeaji ndiye aliyelipa, kwa kadiri ya umbali na idadi ya karatasi. Wabunge walipeleka zao bure kwa kutia saini, na tangu 1784 ilibidi mbunge aandike mahali na tarehe kwa mkono wake mwenyewe. Kwa mtunzi wa fumbo hiyo ni zawadi: karatasi moja inaonyesha bwana fulani alikuwa wapi siku ya wizi, au kwamba amedanganya. Tena kijana na binti wasiochumbiana hawakutakiwa kuandikiana. Furushi la barua zao likionekana, ukoo ulihesabu kwamba uchumba wa siri umeshafungwa, na mwenye kulificha furushi hilo alikuwa na sababu nzito kuliko kuona haya tu.

Dhana: Maiti ikionekana, polisi wanaitwa

Polisi gani? Jeshi la polisi la London liliundwa 1829, na kitengo chake cha wapelelezi 1842. Mashambani alikuwapo konstebo wa kijiji, mkulima au fundi aliyeangukiwa na zamu, na hakimu wa eneo, ambaye mara nyingi ndiye bwana mwenye shamba. Yaani mwenyeji wa karamu ndiye anayeamua nani akamatwe nyumbani kwake. Kifo cha kutilia shaka kilichunguzwa na ofisa maalumu aliyekusanya raia wasiopungua kumi na wawili, aghalabu katika baa ya kijijini, nao walilazimika kuitazama maiti kwa macho yao.

Kama ni sumu, mhalifu alikuwa na nafuu. Aseniki iliuzwa madukani kwa ajili ya panya, na kipimo cha kuaminika cha kuigundua mwilini kilitangazwa na mkemia James Marsh mwaka 1836. Daktari wa riwaya ya 1815 anayetamka kwa uhakika "hii ni aseniki" ameazima maarifa ya wajukuu wake.

Dhana: Watu wa zamani waliamini kila mzuka

Waliogopa, walibishana, wengine walicheka, kama sisi tu. Mwishoni mwa 1803 wakazi wa Hammersmith, magharibi ya London, walisema kuna kiumbe cheupe kinachowatisha wapita njia usiku. Tarehe 3 Januari 1804 ofisa wa ushuru, Francis Smith, alishika bunduki akaenda kukiwinda, akampiga risasi Thomas Millwood. Millwood alikuwa fundi ujenzi, amevaa nguo nyeupe za kazi yake. Mama mkwe wake alikuwa ameshamwonya avae koti juu, asije akadhaniwa mzuka.

Smith alihukumiwa kunyongwa, kisha adhabu ikapunguzwa kuwa mwaka mmoja wa kazi ngumu. Baada ya kifo kile fundi viatu mmoja akakiri kwamba alikuwa akijifunika shuka kumtisha mwanagenzi wake, ambaye alikuwa akiwaogofya watoto wa fundi huyo kwa hadithi za mizuka. Swali la kisheria, kama mtu aliyeua kwa imani ya kweli lakini yenye makosa anaweza kujitetea, liliwasumbua wanasheria wa Uingereza hadi miaka ya 1980. Risasi ile ilipigwa ndani ya siku kumi na mbili za sikukuu, na hakuna mtunzi aliyeyabuni hayo.

Dhana: Mwishoni lazima mzuka uwe mtu aliyejificha

Mizuka ya Walpole ni mizuka kweli. Ann Radcliffe, aliyevuma miaka ya 1790, alikwenda njia nyingine: anakutia hofu kurasa mamia, kisha kila kitu kinapata maelezo ya kawaida. Jane Austen aliicheka desturi nzima katika riwaya iliyotoka Desemba 1817, pale binti anapoona karatasi za siri usiku wa dhoruba, na kulipopambazuka anakuta ni orodha za nguo za kufuliwa. Waandishi wa leo wako huru kuchagua. Riwaya ya mapenzi inadaiwa mwisho wa furaha, na ya upelelezi inadaiwa jibu, lakini mzuka haudaiwi na mtu. Ninaowapenda mimi humkamata mwizi, huwaoza wapenzi, na ngazi ya ghorofani huiacha ilie yenyewe.

Anayeona mchanganyiko huo ni ugeni amsome Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Mwaka 1960, katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, alimtuma Bwana Msa na kiko chake kuchunguza mauaji penye mzimu, akili ya mpelelezi na hofu ya wenyeji vikivutana humo humo.

Dhana: Watu weusi wametiwa humo kwa kufuata mitindo ya siku hizi

Dido Elizabeth Belle, binti wa ofisa wa jeshi la majini John Lindsay na Maria Belle, mwanamke aliyekuwa mtumwa, alilelewa katika jumba la Kenwood na Jaji Mkuu Mansfield. Ndiye jaji ambaye mwaka 1772, katika kesi ya James Somerset, aliamua kwamba mtumwa hawezi kutolewa Uingereza kwa nguvu. Mansfield alifariki 1793. Wosia wake ulithibitisha kwa maandishi kwamba Dido ni mtu huru, ukamwachia pauni 500 pamoja na pauni 100 kila mwaka, na Desemba ya mwaka huohuo akafunga ndoa katika kanisa la St George's, Hanover Square, walikooana wakubwa wa London. Ukiiandika hivyo hivyo, atatokea mtu akuambie umezidisha.

Fedha za majumba yale nazo zina habari zake. Sukari ya keki za sikukuu ililimwa Karibi na watumwa. Biashara ya watumwa ilipigwa marufuku 1807, utumwa wenyewe ukaondolewa na sheria ya 1833 katika makoloni mengi ya Uingereza, na serikali ikatenga fidia ya pauni milioni 20 kwa ajili ya waliokuwa wamiliki. Waliomilikiwa hawakupata hata senti. Daftari za madai zimehifadhiwa hadi leo, na majina ya mabwana wa mashamba na majumba yamo. Mwandishi anayetafuta sababu ya mzee wa nyumba kuifunga maktaba yake kwa ufunguo aanzie hapo.