Je, wajua kwa nini wabeba machela wa Kigezi waligeuka wakopeshaji?

Kigezi ni kona ya kusini-magharibi mwa Uganda, kule Kabale, Kisoro na Rukungiri, ambako milima imelimwa kwa matuta kutoka bondeni hadi kileleni. Nyumba zimetawanyika mitelemkoni, barabara ya gari iko chini. Mama akishikwa na uchungu usiku wa mvua, hakuna dereva atakayepanda kumfuata. Lazima abebwe.

Chombo cha kumbebea kinaitwa engozi. Ni machela ya kusukwa, yenye miti mirefu inayokaa mabegani mwa wanaume wanne, na wengine wanatembea pembeni wakingoja kupokezana. Majirani zao Wanyarwanda huiita ingobyi, na neno hilohilo ndilo wanalotumia kwa mbeleko ya mtoto. Mgonjwa anabebwa kama mtoto mchanga. Mimi sijapata kusikia jina la gari la wagonjwa lililo zuri kuliko hilo.

Sasa, watu wanne hawatoshi kwa mlima wa saa tatu. Wanahitajika ishirini, nao lazima waitike hata saa nane za usiku. Ndiyo maana vijiji viliunda vyama vya engozi. Kila kaya inaandikwa. Zamu zinajulikana. Asiyetokea bila sababu anatozwa faini, na kila nyumba inatoa mchango mdogo wa kutengeneza machela na kusaidia mazishi, maana machela iliyompeleka mgonjwa hospitali mara nyingine ndiyo inayomrudisha akiwa maiti.

Hapo pesa ikaanza kukaa. Watu hawaugui kila wiki, lakini michango na faini zinaingia. Muhula unafunguliwa, jirani hana ada ya shule, na mweka hazina ana noti zimefungwa kwenye kitambaa. Akope basi, arudishe na kitu kidogo juu yake. Kikundi cha kubeba wagonjwa kikajikuta kina daftari la madeni.

Lakini kwa nini mkopaji arudishe? Benki ingedai hati ya ardhi, na shamba la Kigezi ni vipande vidogo vidogo vya urithi, vingi havina hati yoyote. Chama cha engozi hakihitaji karatasi hiyo. Kinamjua mtu, baba yake, mbuzi wake na ulevi wake kama upo. Zaidi ya hayo, kina kitu ambacho benki haina: ukila pesa ya wenzako, siku mkeo akizidiwa usiku utamwita nani aje abebe? Hiyo ndiyo dhamana. Haiuzwi mnadani, wala hakuna anayethubutu kuipoteza.

Kigezi si peke yake. Buganda kuna vikundi vya munno mukabi, yaani mwenzio wakati wa dhiki. Ankole kuna bataka twezikye: wenyeji, tuzikane. Angalia majina hayo. Hakuna hata moja linalotaja mtaji, faida wala maendeleo. Walianza na jeneza, biashara ikaja nyuma.

Ulaya nako meya mmoja wa Ujerumani, Friedrich Wilhelm Raiffeisen, alifikia wazo linalofanana na hili. Mwaka 1864 alianzisha chama cha mikopo huko Heddesdorf ambamo wakulima wanaofahamiana walidhaminiana wao kwa wao. Vyama vya akiba na mikopo vya dunia nzima humtaja yeye kama babu yao. Sina ugomvi na hilo, ila nadhani wazee wa milimani wasingeshangazwa na habari zake.

Historia rasmi ya ushirika wa Uganda inaanzia kwingine, kwenye mazao. Mwaka 1913 wakulima wanne wa Singo, katika Buganda, waliamua kuuza mazao yao pamoja ili wasipangiwe bei na wanunuzi. Chama chao kiliitwa Kinakulya Growers. Serikali ya kikoloni haikuvitungia vyama hivyo sheria hadi 1946, na hata hapo ilitaka kuvishika mkono kila hatua. Ghasia za Buganda za 1949, ambamo haki ya wakulima kujiuzia pamba yao ilikuwa dai mojawapo kubwa, zilibadili mambo. Miaka michache baadaye, chini ya Gavana Andrew Cohen, vyama viliruhusiwa kumiliki vinu vya kuchambulia pamba. Mbale ikapata Bugisu Cooperative Union mwaka 1954, kwa ajili ya kahawa ya Mlima Elgon.

Vyama hivyo vikawa vikubwa kweli, vina malori na majengo, hata benki yao. Vyama vya akiba na mikopo navyo vikapata muungano wa kitaifa mwaka 1972. Halafu soko la kahawa likafunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi miaka ya mwanzo ya 1990, na mchuuzi akaanza kufika mlangoni na pesa taslimu wakati chama kinasema subiri. Mei 1999 Benki Kuu ya Uganda ikaifunga Benki ya Ushirika. Benki hiyo ilikuwa na matawi hata nje ya miji mikubwa.

Pengo hilo ndilo sacco, yaani vyama vya akiba na mikopo, zililoliziba. Utaratibu wake si mgumu. Unanunua hisa, unaweka akiba, unakopa kwa kadiri ya akiba yako, na wanachama wenzako wanakudhamini kwa akiba zao wenyewe. Kwenye mkutano mkuu, mwenye hisa mia na mwenye hisa kumi wana kura moja moja. Askari wa jeshi la Uganda nao wana sacco yao tangu 2005, na jina lake ni la Kiswahili safi: Wazalendo. Wanaotucheka kwamba Waganda hatujui Kiswahili wapite kambini.

Chini ya sacco kuna vikundi vidogo vya sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Wenye funguo ni watatu, na anayelala na sanduku si mmoja wao. Linafunguliwa mbele ya macho ya wote, pesa zinahesabiwa kwa sauti, na mwisho wa mwaka kila mtu anachukua chake. Ni mpango wa watu wanaopendana lakini hawajisahau.

Mambo yanaharibika pesa ikishuka kutoka juu. Baada ya uchaguzi wa 2006 serikali ilikuja na Bonna Bagaggawale, wote watajirike, na sacco zikafunguliwa katika kata nyingi kwa haraka, nyingine zikiwa na kibao mlangoni kuliko wanachama ndani. Mtu aliyekopa aliona anakula pesa ya serikali, si ya shangazi yake. Tangu 2022 kuna Mpango wa Maendeleo ya Parokia (si parokia ya kanisa, bali eneo la utawala lililo chini ya kata), shilingi milioni 100 kwa kila parokia na mkopo wa hadi milioni moja kwa kaya. Mimi ningeuliza swali moja tu kabla ya kuzigawa: hawa watu wamewahi kubebana?

Hospitali ya Kisiizi, Rukungiri, haikuhitaji kuliuliza. Ilipoanzisha bima ya afya mwaka 1996, haikuandikisha watu mmoja mmoja. Ilikwenda kwenye vyama vya engozi, vilivyokuwa na orodha ya kaya tayari na mazoea ya kuchanga. Siku hizi bodaboda inapanda njia nyingi ambazo zamani zilikuwa za miguu, na machela nyingine zimening'inia darini zikishika vumbi. Vikundi bado vinajiita engozi, na mkutano unaanza kwa kusoma majina ya kaya, wasiokuwepo wakitozwa faini.