Wati Elfu Kumi Haziingii Kwenye Soketi

"Fundi, sabufa hii ina wati elfu kumi, ile ina elfu nne tu. Si bora nichukue hii?" Swali hili nimelijibu mpaka ulimi umeota sugu. Leo naliandika hapa, na atakayeniuliza tena nitamtumia kiungo, nirudi kwenye kazi yangu ya kuchomea.

Hiyo ya elfu kumi haina elfu kumi. Soketi ya ukutani ni ampea 13 kwa volti 230, yaani wati 3,000 hivi, basi. Birika la umeme la wati 2,000 huja na waya mnene na bado plagi inapata joto. Sabufa yako ingekuwa mabirika matano yanayochemka kwa pamoja, halafu imekuja na waya wa pini mbili, mwembamba kama kamba ya kiatu. Kuutazama huo waya tu kungetosha kukuambia.

Namba ile kubwa kwenye boksi ni PMPO, eti nguvu ya kilele ya muziki, na PMPO haina kanuni inayokubalika popote. Kila kiwanda kinapika yake na kutia chumvi kwa kadiri ya njaa yake. Wapo wanaojitetea: "Lakini fundi, kapasita, vile vikopo vya ndani, zina chaji, zinasukuma ghafla." Haya, tupige hesabu. Fungua sabufa ya kawaida, utakuta kapasita mbili za mikrofaradi 4,700 za volti 25. Zikijaa mpaka ukomo, kila moja inabeba jouli 1.5 hivi, zote mbili 3. Jouli 3 ni wati 10,000 kwa sekunde 0.0003. Kwa muda huo karatasi ya spika haijaanza hata kusogea.

Na hata wati hizo za ghafla hazitoki, kwa sababu volti hairuhusu. Chukua chipu ya amplifaya ya TDA2030, ambayo imejaa kwenye masabufa ya bei nafuu. Ukiilisha volti 14 chanya na 14 hasi, ukaifungia spika ya omu 4, kilele chake hakiwezi kuvuka 14 mara 14 gawanya kwa 4, yaani wati 49, hata uiombee dua. Mtengenezaji wa chipu mwenyewe anasema wati 14 kwa kawaida, na 12 za uhakika. Sabufa yenye chipu nne za namna hiyo ina wati 50 hivi. Zilizobaki hadi elfu kumi ni wino wa boksi.

Ujanja huu haukuanzia Kariakoo. Marekani ulikithiri mpaka mwaka 1974 Tume ya Biashara ya Shirikisho (FTC) ikaweka kanuni kwamba anayeuza amplifaya ya nyumbani ataje nguvu inayotoka mfululizo, si kilele cha kufumba na kufumbua. Huku kwetu unajilinda mwenyewe.

Sasa, mafundi wenzangu watakwambia: "Geuza redio, soma bamba la nyuma, hizo ndizo wati zake." Hapo nakereka kwa upande wa pili, maana hilo nalo ni nusu ya ukweli. Kwa kiwango cha usalama cha IEC 60065, ambacho vifaa vingi vilipimwa nacho kabla ya IEC 62368-1 kukirithi, umeme unaoandikwa nyuma hupimwa amplifaya ikitoa sehemu moja ya nane ya nguvu yake, kwa sababu muziki wa kawaida haubonyezi muda wote. Kwa hiyo redio iliyoandikwa wati 50 nyuma na RMS (nguvu ya mfululizo) 100 kwenye boksi si lazima iwe ya kitapeli. Kama ndani kuna chipu za zamani zenye hitisinki kubwa, lile bati la kupoozea, RMS inaweza kufika mara mbili ya namba ya bamba. Kama ni amplifaya za kisasa za daraja D, zisizopata joto sana, inaweza kufika mara nne hadi sita hivi. Ikizidi hapo naanza kucheka. Bamba la wati 45 na RMS 470? Sitasema ni uongo, kwa sababu inategemea walipima vipi na waliruhusu upotofu, yaani sauti kuharibika, kiasi gani. Nitasema tu kwamba usitarajie wati hizo 470 zikae hata dakika moja.

Inayotumia adapta ya nje haina mjadala. Zidisha volti kwa ampea. Adapta ya volti 12, ampea 2, ni wati 24, na kwenye spika zitafika kama 20 kwa pande zote mbili. Chipu ya TPA3116, iliyomo kwenye nyingi za aina hii, inaweza kutoa 50 kwa kila upande, ndiyo, ikipewa volti 21 na spika za omu 4, na ukikubali upotofu wa asilimia 10. Kwa volti 12 na spika za omu 8 utapata wati 9 kila upande. Anayeuza anasoma mstari wa kwanza wa karatasi ya chipu, mistari inayofuata haimhusu.

Tuseme wati ni za kweli. Bado hujajua redio ina sauti kubwa kiasi gani. Ukiongeza nguvu mara mbili, sauti inapanda desibeli 3, na kwa sikio hiyo ni kama mtu amegusa kitufe kidogo. Ili sikio liseme "imekuwa kubwa maradufu" unahitaji desibeli 10 hivi, yaani nguvu mara kumi. Kutoka wati 40 kwenda 60, pesa unayoongeza ni ya namba tu.

Kinachobeba sauti ni wepesi wa spika yenyewe kuitikia. Spika inayotoa desibeli 90 kwa wati moja, ukiwa mita moja, ukiipa wati 20 inafika desibeli 103. Ile ya desibeli 84 inahitaji wati 80 kufika hapo hapo. Wati 20 zimelingana na 80! Namba hii ndiyo ingepaswa kuandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, na ndiyo ambayo redio ndogo za mezani karibu hazitaji kabisa. Mimi hukadiria kwa ukubwa wa karatasi, ulaini wa ule mpira wa pembeni na uzito wa sumaku, na nakiri kwamba kukadiria kwa vidole si kupima.

Halafu kuna sheria ambayo hakuna kiwanda kilichoivunja: boksi dogo, besi ya chini, na sauti kubwa kwa wati chache. Chagua mbili. Ukitaka umbo dogo na besi nzito, utalipia kwa wati nyingi na spika ngumu. Ukitaka umbo dogo na kelele, besi itakuwa ya kubabaisha. Sababu ni hewa. Ili besi ishuke hadi nusu ya hezi zake (mitetemo kwa sekunde) kwa ukubwa ule ule wa sauti, karatasi lazima isogee mara nne zaidi. Spika ya inchi 4 ikiwa inasogea milimita 2 kwenye hezi 80, kwenye hezi 40 inadaiwa milimita 8, na nyingi za bei ya kawaida hazina hata nusu ya hizo. Ya inchi 8 ina eneo mara nne, inafanya kazi ile ile kwa robo ya mwendo. Ndiyo maana "hezi 20 hadi kilohezi 20" iliyochapishwa kwenye kidude kinachoenea kiganjani ni ya kupuuza, hasa kama hawakutaja desibeli zinazopungua huko chini.

"Lakini nasikia besi!" Unaisikia, sikatai. Wanaipandisha sauti karibu na hezi 100, na sikio lako linamalizia kazi bure. Waya mnene wa gitaa la besi unapiga hezi 41, lakini unatoa pia 82 na 123, na ubongo ukisikia hizo za juu unaijaza ile ya chini ambayo haipo. Kwa sauti ndogo chumbani, hiyo inatosha kabisa. Kwa amapiano iliyopandishwa, mgongo utakwambia kuna kitu kinakosekana.

Ununue nini basi? Chumba cha mita 3 kwa 4: spika mbili zenye amplifaya ndani, za inchi 4 au 5, wati 20 za kweli kila upande. Edifier R1280T imeandikwa wati 42 kwa jumla, haina aibu, na Denon D-M41, ingawa amplifaya yake iko kwenye kisanduku cha pembeni, inataja 30 kila upande. Wanaoandika namba ndogo mara nyingi ndio wanaozipima. Sebule ya mita 4 kwa 5: tafuta sabufa ya inchi 6.5 au 8 kwenye boksi la mbao za MDF, wati 60 hadi 100 halisi. Kwa sherehe ya uani achana na vidogo, kodi muziki.

Dukani, nenda na flashi yako yenye wimbo unaoujua kila pumzi, usikubali ule wa muuzaji. Wimbo wake umechaguliwa kufichia mambo. Zima madoido yote ya besi, ikwalaiza iwe katikati. Unapolinganisha mbili, hakikisha zinalia kwa ukubwa sawa, kwa sababu iliyo juu kidogo tu itaonekana nzuri zaidi, na muuzaji analijua hilo. Panda hadi robo tatu, usikilize sauti ya mwimbaji: ikianza kuparuza, huo ndio mwisho wake, haijalishi kitufe kimebakiza nini. Gonga boksi kwa kifundo cha kidole. Likijibu "ko" fupi, sawa. Likijibu kama debe, litaimba pamoja na msanii. Sikiliza tundu la besi, likipuliza kama mtu anayezima mshumaa ni jembamba mno.

Mulika tochi ya simu kwenye wavu. Spika za pambo zipo: mnara wa spika tatu ambamo moja tu imeungwa waya, nyingine ni duara la plastiki limebandikwa. Tembeza kipande cha karatasi kilichokunjwa kama bomba, sikioni na mbele ya kila spika, utajua ipi inalia. Sumaku nazo huvishwa kofia ya plastiki zionekane nene. Inua kitu chenyewe. Uzito haudanganyi sana, ingawa kwa daraja D uzito wa amplifaya hausemi lolote, pima uzito wa boksi la spika.

Kuhusu kuungua. Twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, nyingi zinazoletwa kusukwa koili zimeuawa na amplifaya ndogo iliyopandishwa mpaka mwisho, si na amplifaya kubwa. Mawimbi yanakatwa vichwa, nguvu inazidi ile iliyoandikwa. Wengine wanasema kinachoua ni zile hezi za juu zinazozaliwa na kukatwa huko. Wengine wanasema ni kwamba besi imegonga dari huku sauti nyembamba zikiendelea kupanda. Vitabu huchagua moja. Mimi naegemea la pili, siapi.

Nyumbani, kosa linaloua besi kuliko yote ni la bure: waya wa upande mmoja umegeuzwa. Spika moja inasukuma, nyingine inavuta, besi inafutika katikati ya chumba, na mtu anasema redio ni feki. Geuza plasi na mainasi za spika moja tu, sikiliza besi ukiwa umekaa katikati. Ikinona, ilikuwa imegeuka. Kama waya hauna alama, gusisha betri ya volti 1.5 kidogo tu kwenye nyaya za spika, bila amplifaya: karatasi ikitoka nje, upande wa plasi wa betri ndio plasi ya spika.

Waya wenyewe, milimita za mraba 0.75 za shaba zinatosha mita 5. Ule uliokuja kwenye boksi, mwembamba wa 0.2, kwa mita hizo 5 kwenda na kurudi unakula karibu omu 0.9, na kwa spika ya omu 4 hiyo ni desibeli 1.7 umeziacha sakafuni.

Sabufa isogeze ukutani kabla hujaongeza pesa. Ukuta mmoja unakupa kati ya desibeli 3 na 6 za besi, kona inazidisha. Ila chumba cha mita 3 kinavuma kwenye hezi 58 hivi, cha mita 4 kwenye 43 au 44, kwa hiyo kuna sehemu besi itanguruma na nyingine itapotea. Weka sabufa pale unapokaa wewe, kisha tembea chumbani ukiinama. Panaposikika sawasawa ndipo pa kuiweka. Majirani wa ukuta wa pili hawamo kwenye hesabu hii.

La mwisho ni umeme. Yenye transfoma ya chuma, volti zikishuka kutoka 230 hadi 180, nguvu inabaki asilimia 61 hivi, ndiyo maana jioni redio "inachoka". Iliyoandikwa 100–240 nyuma haijali. Umeme ukikatika, ichomoe, usingoje kishindo cha kurudi. Na fyuzi ikikatika weka yenye ampea zile zile. Karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara si fyuzi, na ninazo transfoma tatu mezani sasa hivi zinazonuka ushahidi.